Mama mkwe anasema mwaka wetu "uliingilia jikoni". Kwenu kuna miiko gani ya mwaka mpya?

Mkwe_Mpya

Habari za humu wapendwa. Naomba kabla hamjanicheka mnisome mpaka mwisho, mana najua litachekesha ila kwangu limeshaanza kuwa zito.

Nimeolewa mwaka wa tatu huu. Familia ya mume wangu ni watu wazuri, sina malalamiko nao, ila ikifika tarehe 31 Desemba wanageuka watu wengine kabisa. Mama mkwe ana miiko yake ya kupokea mwaka na haina mjadala. Nyumba inafagiliwa mchana wa tarehe 31, baada ya hapo fagio linafichwa, sio kuwekwa pembeni, linafichwa mpaka tarehe 2. Kufua tarehe 1 marufuku, eti unamfua mtu wa ndani anaondoka na maji. Ulichoazima kwa jirani hata kama ni kijiko kirudi kwao kabla ya giza. Saa sita ya usiku ikigonga kila mtu awe na hela mfukoni, watoto wanapewa sarafu wazishike kiganjani. Na kubwa kuliko zote, mtu wa kwanza kuingia ndani baada ya saa sita lazima awe mwanaume, apitie mlango wa mbele, atangulize mguu wa kulia, na asiingie mikono mitupu.

Sasa mwaka jana tukatoka wote nje kuangalia fataki. Saa sita ikagonga, tukakumbatiana, heri nyingi, kila mtu kwenye simu yake. Mimi nilikuwa nimeacha sufuria kwenye jiko, nikasikia harufu ya kuungua. Nakimbilia mlangoni mama mkwe kanishika mkono, "subiri mwanangu, aingie mwanaume kwanza". Mume wangu kaenda kumsindikiza jirani. Shemeji ndio alipangiwa hiyo kazi ya kuingia wa kwanza ila yuko choo cha nje na hatoki. Tunamuita, anajibu nakuja, hatoki. Moshi unaanza kutoka dirishani. Nikaona hapa nyumba itaungua kwa heshima, nikazunguka nyuma nikaingia mlango wa jikoni nikazima jiko. Basi, kosa langu ndio hilo.

Machi gari la familia likafa injini. Juni shemeji akapunguzwa kazini. Agosti mtoto wa wifi kaanguka kwenye bembea kavunjika mkono. Kila likitokea jambo mama mkwe anashusha pumzi anasema taratibu, "mwaka wenyewe uliingilia jikoni". Hanitaji jina, hanitazami hata usoni, na waliokaa pale wanaitikia mmh.

Juzi wameanza kupanga kwenye grupu la familia nani ataingia wa kwanza safari hii. Mimi nimeombwa kwa upole sana nisiwe na kitu chochote kwenye moto kuanzia saa tano usiku.

Nauliza hivi, hii miiko ni ya familia hii tu au kuna watu wengine duniani wanayo? Imetoka wapi? Na nyie mnaishi nayo vipi bila kumkosea mzazi adabu, mana kubishana naye siwezi na kunyamaza kumeshanichosha.

Kichwa_Ngumu

Pole dada. Mwaka huu pitia dirishani tuone utakuwaje.

Ila kweli kabisa, kabla hujabebeshwa hilo gari uliza nani alikuwa anaangalia oili. Injini haijui nani aliingia mlango gani.

Ngongoti

@Mkwe_Mpya dada yangu tulia, hauko peke yako, na mimi ni shahidi mana nimewahi kuazimwa kama sufuria kwa ajili ya jambo hilohilo.

Nilisoma Uskoti miaka ya nyuma. Wale mwaka mpya wao wanauita Hogmanay na ndio walikuwa wanaupa uzito kuliko Krismasi, Krismasi kule haikuwa hata sikukuu ya mapumziko mpaka 1958, na tarehe 2 Januari mpaka leo ni mapumziko pia, nadhani kwa ajili ya vichwa kuuma. Desemba yangu ya kwanza bibi mmoja jirani akanigongea akaniuliza usiku wa tarehe 31 nina shughuli gani. Nikajua anataka nimsogezee kabati. Kumbe anataka mguu wangu.

Imani yao ni kwamba mguu wa kwanza kuvuka kizingiti baada ya saa sita ndio unaoleta bahati au mkosi wa mwaka mzima. Na mguu wenyewe una vigezo: mwanaume, mrefu, nywele nyeusi. Mwenye nywele za njano au nyekundu hafai, mwanamke naye hafai. Ukiwauliza kwanini nywele za njano wanakwambia ni kumbukumbu ya maharamia wa Viking, zamani jitu la nywele za njano likikugongea usiku halijaja kukupa mkono wa heri. Mimi futi sita na ushee, nywele nyeusi tii, yaani bibi aliniona kama katumiwa.

Basi bwana, nikapewa kipande cha makaa ya mawe, chumvi kidogo, biskuti zao za siagi na chupa ya wiski, nikatolewa nje saa sita kasoro dakika tano kwenye baridi ya kukata masikio nisubiri kengele. Makaa ni ili moto usizimike ndani, chumvi na biskuti ili chakula kisikosekane, wiski sina haja ya kueleza. Kengele ikagonga nikaingia na mguu wa kulia, bibi akapiga makofi. Jirani yake akachungulia akaona, nikaombwa na kwake. Mpaka saa nane usiku nimeshavuka vizingiti vinne na kila kizingiti kina glasi yake, cha nne sikumbuki nilikivuka na mguu gani.

Na sio wao tu. Vietnam kwenye Tet, mwaka wao unaofuata mwezi, wanaita xông đất, mtu wa kwanza kukanyaga ndani. Kule hawaachii bahati, familia inakaa inaangalia umri wa mtu unavyoendana na wa mwenye nyumba, tabia yake, mambo yake yanamwendeaje, halafu anaalikwa mapema kabisa. Mwenye msiba wa karibu mwenyewe anajizuia kwenda kwa watu siku hizo asije akawapelekea. Na wasiopata mtu, baba mwenye nyumba anatoka nje kabla ya saa sita halafu anaingia mwenyewe.

Ugiriki nao wana podariko, mguu wa kulia vilevile, ila kule mara nyingi wanamtuma mtoto mdogo mana mtoto hana kinyongo na mtu. Hapo ndio ningekamatia mimi. Usimwambie mama mkwe kwamba imani yake ni uongo, mwambie kuna mahali wanamtanguliza mtoto. Hata akiwa wa kike. Uone atasemaje.

FagioJipya

Kwenye mlango sina la kuongeza, Ngongoti kamaliza, ila kwenye fagio naomba nisimame na mama mkwe, samahani dada 😂

Hilo la kutofagia siku ya kwanza Wachina wanalo kwa nguvu zote kwenye mwaka wao, ukifagia siku ile unaisukuma nje bahati iliyokwisha ingia. Na kama lazima ufagie basi fagia kuja ndani usifagie kwenda nje. Kuosha nywele siku hiyo hapana, visu na mikasi vinakaa pembeni, madeni yanalipwa kabla mwaka haujageuka. Sasa ukiangalia orodha ya mama mkwe wako ni kama walikaa darasa moja na bibi wa Kichina na hawajawahi kuonana.

Ila watu wanasahau nusu ya pili. Kabla ya hiyo siku nyumba inasafishwa kwelikweli. Wairani kabla ya Nowruz, mwaka mpya wao, unaoangukia tarehe 20 au 21 Machi, wana usafi unaitwa kuitikisa nyumba, na inatikiswa kweli, mazulia nje, mapazia chini, kabati linavutwa ukuta uonekane. Wajapani Desemba nzima wanasugua. Halafu Wajapani hao wanapika vyakula vya mwaka mpya mapema wanavipanga kwenye masanduku ya ngazi ngazi, vinaliwa siku za mwanzo bila kuwasha moto sana.

Mie nimekaa nikatafakari, hakuna kufagia, hakuna kufua, kisu usishike, chakula kimepikwa jana. Hii miiko aliitunga mwanamke aliyechoka! Alijua akisema jamani nimechoka hakuna atakayemsikia, akasema ukifagia mkosi, nyumba nzima ikamwacha akae. Kwa hiyo dada hilo fagio acha lifichwe, na ukiweza ongeza na mwiko ufichwe pia.

Kwetu sisi baba alikuwa na lake moja tu, taa zote za nyumba ziwashwe saa sita na madirisha yafunguliwe. Hakuwahi kutuambia kwanini. Amefariki muda sasa ila ikifika saa hiyo kila mtu alipo anawasha taa anapiga picha anatuma kwa wenzake, ndugu zangu wawili hawaongei vizuri tangu mirathi lakini picha ya taa wanatumiana.

Mlinzi_wa_Lango

Mnafurahia ushirikina mchana kweupe. Mwaka ni wa Mungu, mguu wa kulia na wa kushoto vyote kaumba Yeye. Dada wewe nenda mkeshani ukeshe na watakatifu, ukirudi asubuhi ingia mlango unaoutaka. Hayo mengine ni utumwa wa fikra.

Kalenda_Mfu

@Mlinzi_wa_Lango sikupingi kwenye Mungu, nakukumbusha tu kwamba hiyo tarehe 1 Januari unayoikeshea yenyewe ina historia ya mlango. Januari imetokana na Janus, mungu wa milango wa Warumi wa kale, alikuwa anachorwa na nyuso mbili, moja inatazama ilikotoka na nyingine inatazama inakokwenda. Warumi ndio walioanza kuwaingiza madarakani viongozi wao wakuu tarehe hiyo kuanzia mwaka 153 kabla ya Kristo, kwa hiyo tunayoshangilia na fataki ilianza kama siku ya watu kuingia ofisini.

Na haikukaa hivo moja kwa moja. Uingereza kwa karne nyingi mwaka wao rasmi ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, wamehamia 1 Januari mwaka 1752 tu. Uskoti walishahama 1600. Yaani kwa miaka 150 ungeweza kuvuka mpaka mwezi Februari ukajikuta umebadilisha mwaka. Japani wamehamia 1873. Ethiopia mpaka leo mwaka wao unaanza tarehe 11 Septemba, na 12 kila baada ya miaka minne. Sasa mkosi unaosubiri mlangoni saa sita usiku unatumia kalenda ya nani? Mwaka 1751 ulikuwa unakuja Januari unakuta mlango umefungwa unaambiwa rudi Machi?

Mkesha wenyewe, kwa faida ya wote, Wamoravian walikesha Herrnhut kule Ujerumani 1733, Wamethodisti wakauchukua, ukasambaa. Na kuna mkesha mmoja ambao mimi nauheshimu kuliko yote, ule wa tarehe 31 Desemba 1862 Marekani, Weusi walikusanyika makanisani kusubiri saa sita mana tarehe 1 Januari 1863 ndio tangazo la rais wao Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa majimbo yaliyoasi lilikuwa linaanza kazi. Wale walikuwa na sababu ya kuhesabu dakika.

Mlinzi_wa_Lango

Hilo la 1862 nimelipokea. Lakini kukesha kwa sala na kuhesabu miguu mlangoni ni vitu viwili, tusichanganye.

Kichwa_Ngumu

Mlinzi wa lango anapinga mambo ya malango 😂😂 badilisha jina mkuu

Sahani_Tupu

Mmeongea milango yote mmesahau tumbo.

Hispania wanakula zabibu 12 saa sita, moja kwa kila mlio wa kengele, zabibu moja mwezi mmoja, taifa zima linafuata saa ya Puerta del Sol pale Madrid. Mimi nilijaribu na jamaa zangu kwa kufuata video. Kuna mtego hapo, kabla ya milio 12 kuna milio ya mwanzo ya kutahadharisha, sisi hatujui tukaanza kula, saa sita kamili inagonga mlio wa kwanza tumeshafika mwezi wa tano. Halafu watoto wadogo msiwape nzimanzima, zikateni, zabibu inaziba koo la mtoto vizuri sana. Wapo wanaosema ulikuwa ujanja wa wakulima wa Alicante mwaka 1909 wamevuna zikazidi wakatafuta pa kuzitupia, ila magazeti ya Madrid yalishaanza kuandika hiyo tabia miaka ya 1890 huko, kwa hiyo wakulima wamesingiziwa kidogo, wao walikoleza tu.

Italia ni dengu mana zinafanana na sarafu, na chupi nyekundu, msiniulize. Ufilipino wanatafuta kila kitu cha mviringo, matunda 12 ya duara, nguo za madoa ya duara, na watoto wanarushwarushwa au wanaruka saa sita ili warefuke (Ngongoti wewe hukuhitaji). Kolombia unashika sanduku la safari tupu unazunguka nalo mtaani ili mwaka huo usafiri. Denmark wanavunja sahani kwenye milango ya rafiki zao, ukikuta rundo la vigae asubuhi unafurahi mana unapendwa.

Ila iliyonigusa ni ya kusini ya Marekani. Tarehe 1 Januari wanakula mbegu fulani na mboga za majani, mbegu ni sarafu na majani ni noti. Nikaenda kuangalia hizo mbegu ni nini, ni kunde! Kunde hizihizi zenye jicho jeusi. Asili yake Afrika, zilivuka bahari kwenye meli za watumwa, leo ni chakula cha bahati cha mzungu na mweusi kule. Tangu hapo nikiziona kwenye sahani sizidharau.

FagioJipya

Na hao wa Denmark asubuhi vigae anafagia nani??

Sahani_Tupu

Anayependwa.

Babu_Nairuzi

Mwanangu Mkwe_Mpya, nimesoma yote tangu jana nikasema hawa vijana wamezunguka dunia nzima, wamefika mpaka Denmark, jibu liko kwenye lugha wanayoandikia.

Watu wa pwani yetu wana mwaka wao wa jua tangu zamani, Nairuzi, jina hilohilo la Nowruz ya Uajemi aliyoitaja Bi Fagio. Una siku 365 bila nyongeza ya ile siku ya Februari kwa hiyo unatambaa taratibu kwenye kalenda hii ya kizungu, ndio mana sherehe inaangukia Julai siku hizi. Watu wa Makunduchi, Unguja kusini, wanauita Mwaka Kogwa na mpaka leo wanausherehekea, wanaume wanapigana kwa mikungu ya migomba kumaliza vinyongo vya mwaka, kibanda cha makuti kinachomwa moto, akina mama wanaimba na humo kwenye nyimbo hawamwachi mtu salama. Kogwa ni kuoga, mwaka unaogwa, watu walikuwa wanaingia baharini alfajiri wauache wa zamani majini.

Lakini nililotaka kukwambia ni hili. Askofu Steere wa misheni ya Kiingereza Unguja, aliyeandika kitabu cha kufundishia Kiswahili karne ya 19, ameeleza siku ya mwaka ilivyokuwa. Anasema watu wakioga baharini, wanawake hasa wasikose. Kisha wanawake hao wanapika chungu kikubwa cha nafaka na kunde za kila aina, mchana anayekuja anakula. Na moto wote wa nyumba ulikuwa unazimwa, unawashwa mpya kwa kupekecha vijiti.

Sasa nikuulize, moto ulikuwa unakaa wapi? Sebuleni? Mlango wa mbele? Mwaka ulikuwa unafia jikoni na unazaliwa jikoni. Wewe saa sita imegonga, umeingia jikoni ukazima moto wa mwaka uliokwisha. Umefanya lile ambalo bibi zetu walikuwa wanalifanya makusudi, umelifanya kwa kukimbia tu. Mama mkwe akisema tena mwaka uliingilia jikoni mwitikie, ndiyo mama, kumbe ndiko unakopita.

Mwambie lakini kwa adabu na uwe umeshamwekea chai. Na usimwambie mbele za watu.

Kichwa_Ngumu

Babu umefunga mjadala. Nafuta lile la dirishani.

Ngongoti

Shikamoo babu. Nami naongeza kidogo tu, yule bibi wa Kiskoti alinibebesha makaa. Naye alikuwa anawaza jiko.

Kalenda_Mfu

Babu shikamoo. Ila tusimdanganye dada, gari lingekufa injini hata angeingia kwa ngazi ya ikulu. Mwaka mzima una siku 365, familia yenye watu kumi na tano lazima kuna kitakachovunjika, kama sio mkono ni kazi. Miaka ambayo shemeji aliingia vizuri mlango wa mbele hakuna aliyeumwa? Muulizeni kama kuna anayeikumbuka.

Mkwe_Mpya

Jamani nimesoma komenti zote, nyingine nimemsomea mume wangu amecheka mpaka akatoka nje. Babu Nairuzi shikamoo na asante sana, nimefanya kama ulivyosema mpaka chai.

Nilimkuta mama mkwe peke yake anachambua mchele. Nikamwambia mama naomba nikusimulie kitu nilichosoma, nikaanza na Uskoti (akacheka la nywele za njano), nikaenda Vietnam, nikamalizia na moto wa siku ya mwaka. Sikugusa kabisa habari ya gari wala ya mtoto. Akanyamaza muda mrefu anachambua tu. Halafu akaniuliza, "kwa hiyo ulikwenda kuuzima?" Nikasema ndiyo mama, uliungua mpaka sufuria ile ya mpini mwekundu tukaitupa. Akasema aliipenda ile sufuria.

Kisha ndio akaniambia, na hili hata mume wangu hakuwa analijua. Mwaka ambao baba mkwe alifariki, alfajiri ya tarehe 1 aligonga jirani mwanamke, amekuja kuazima mwiko, akaingia moja kwa moja mpaka ndani, wao bado wamelala. Baba mkwe akafa mwezi wa tatu. Mama anasema anajua sio yule mama, yule mama mpaka leo ni rafiki yake na ndiye aliyemfulia siku za msiba, lakini kila Desemba ikifika anamuona pale mlangoni na mwiko. Toka hapo ndio mambo ya kurudisha vijiko na nani aingie wa kwanza yakawa makali nyumba hii, kabla yake anasema hata fagio walikuwa hawafichi.

Sikuwa na la kujibu. Nilichambua naye mchele.

@Kalenda_Mfu nimekuelewa mkuu, hesabu yako naiona ni sahihi kabisa, ila hiyo ya kuulizia miaka mingine sitaipeleka.

Tumekubaliana hivi: saa sita ikigonga shemeji anaingia mlango wa mbele na mguu wake wa kulia na kifurushi cha chumvi, na mimi muda huohuo naingia mlango wa jikoni nawasha jiko jipya naweka maji ya chai, wazo lake mwenyewe sio langu. Ametuma kwenye grupu la familia kwa sauti, dakika tatu nzima, na humo amesema mtoto wa wifi aingie katikati kwa sababu Wagiriki wanafanya hivo, sijui amemalizia wapi kusikia habari za Wagiriki mana mimi sikumwambia, nahisi mume wangu amempa simu asome huu uzi. Kama unasoma mama, shikamoo.

Shemeji amepewa sharti moja la maandishi, saa sita kasoro robo awe ameshatoka chooni.